Ushindani wa Sindano Moja

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba ushindani huria katika biashara ya sindano za dharura umeanza rasmi hapa Itigi, na mshindi amekwisha kupatikana.

Hivyo ndivyo nilivyotangaza mwaka ule soko lilipofunguliwa, mimi Mwenyekiti wa Kamati ya Ushindani, suti ikinibana kwapani. Mshindi alikuwa wakala Gabrieli, mwenye sindano ya kujifyatua: unaibonyeza pajani, dawa inaingia yenyewe, na aliyekabwa koo na sumu ya nyuki anapumua. Bei, ng'ombe dume. Ilikuwa na hataza, hati ya kumzuia mwingine kuiga, na hataza, kama nilivyowaelimisha wananchi, ni kinga ya mwenye mali dhidi ya wagonjwa. Kwa hiyo nikampiga marufuku nesi Felista kuchoma dawa ileile pajani kwa bomba lake la kawaida, kwa bei ya kuku.

Mzee Naftali, mrina asali ambaye siku hizo alikuwa ameanza kuvimba kila akiumwa na nyuki, alikuja ofisini.

"Mwenyekiti, ng'ombe sina. Nyuki wakiniuma je?"

"Shikamoo, mzee. Subiri ushindani ushushe bei."

"Gabrieli anashindana na nani?"

"Na yeye mwenyewe." Nilijipenda sana kwa jibu lile.

Siku ya kuzindua sindano nikaagiza mzinga urinwe saa nne asubuhi, mgeni rasmi aonje asali ikiwa segani.

"Asali hurinwa usiku, kwa moshi," akasema Naftali. "Mchana nyuki hawasikilizi mtu."

Nikamjulisha kwamba ratiba imekwisha kupitishwa, na moshi ungemchafulia mgeni suti.

Nyuki walihudhuria wote. Mgeni rasmi alijifungia kwenye Landrova. Mimi niliumwa shingoni, midomo ikavimba, koo likaanza kuziba. Niliogopa kufa, nasema wazi. Nikamnyooshea mkono Gabrieli.

"Pole, Mwenyekiti," akasema kutoka chini ya meza. "Sasa ni ng'ombe wawili. Wateja wameongezeka."

Felista akapiga magoti kando yangu, bomba mkononi. "Marufuku yako bado ipo, Mwenyekiti. Nichome?"

Sauti sikuwa nayo. Mzee Naftali, aliyejifunika blanketi mpaka puani, akauliza kwa upole, "Au tusubiri bei ishuke?"

Nikateremsha suruali mbele ya wananchi, nikamgeuzia Felista paja. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuunga mkono ushindani.