Simu ya Daktari Haina Siri

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tano wodini. Kisukari, eti. Daktari hajui lugha yetu, kwa hiyo mkaza mwana, mke wa mwanangu, ndiye mkalimani. Mkalimani au mbeya? Nimemwambia aseme sili sukari. Kasema nalalia kopo zima! Likachukuliwa palepale chini ya mto. Ijumaa daktari ataamua: nirudi kwangu, au nikalindwe kwa mkaza mwana kama kitoto. Kwake! Bora wanizike.

Jumanne, 4 Machi
Raha! Daktari kaja na simu inayotafsiri. Mkaza mwana nimemwambia akapumzike, kazi yake imepata mwenyewe. Kaondoka kanuna. Nikasema vidonge nameza vyote, sukari nimesahau hata rangi yake. Simu ikatamka bila kuguna. Huyu ndiye mkwe! Hata kusoma inajua: muuguzi kaielekeza kwenye boksi la dawa, ikanisomea maandishi yote kwa sauti ya mtu aliyelelewa.

Jumatano, 5 Machi
Bibi wa kitanda cha pili kanichosha na mjukuu wake rubani. Nami nikampa zangu: vidonge natemea kwenye chungu cha maua, vipakiti saba vya sukari viko mfukoni, na daktari ni mbuzi aliyevaa koti. Tukacheka mpaka vitanda vikalia. Kumbe simu iko mezani, inatafsiri kwa sauti! Mimi nilidhani inajiimbia. Daktari yuko kitanda cha tatu, mabega yanamtikisika. Vipakiti vimekwenda. Kasema nimebakiwa na nafasi moja: nikikutwa na sukari tena, safari ni kwa mkaza mwana.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekoma! Siri sitamki tena, naandika humu tu. Vipakiti vitatu nimenyakua kwenye trei ya yule bibi wa rubani. Viko ndani ya soksi ya kushoto. Simu isikie nini? Karatasi haina mdomo.

Muuguzi kapita, kaliona daftari, kanyoosha kidole gumba. Mwandiko huo! Darasa la nne tu, lakini herufi zangu zimesimama kama askari. Kaomba kwa ishara auone vizuri. Nimemfungulia ukurasa huuhuu, sina choyo. Kauelekezea simu, kapiga na picha. Bila shaka atawaringia wenzake.

Sasa anacheka, anatazama miguu yangu. Soksi nazo kazipenda.