Kinanda cha Mabomba na Ngozi ya Pudentienne

Jumatatu, 16 Machi 1964
Padre Libérat ametamka: kinanda cha mabomba kikilia siku ya Pasaka, mimi ndiye mpigaji. Kisipolia, ngoma ya Pudentienne, mpiga ngoma wa kwaya, itaongoza nyimbo, na mabomba yatakatwa yawe mifereji ya paa. Mifereji! Pudentienne, asiyejua noti hata moja, ameshaanza kutembea kama mke wa gavana. Kasoro ni moja tu. Tangu Masista waondoke baada ya uhuru, panya wametafuna ngozi ya mvukuto. Bila ngozi hakuna hewa. Bila hewa hakuna mimi.

Jumatano, 18 Machi
Nimemwomba mzee Sebagenzi, muuza maziwa kutoka mlimani, ngozi ya ndama. Amesema tangu askari wazuie njia kwa kuwaogopa waasi hata maziwa hayapiti, sembuse ngozi. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba wao Waprotestanti huimba kwa koo tu na Mungu hajawahi kulalamika. Labda ni adabu Yake.

Ijumaa, 20 Machi
Mwerevu mimi! Ngozi iko hapa hapa Kilibula, juu ya ngoma ya Pudentienne. Nikiivua, kinanda kinapona na ngoma inakufa. Alipokwenda ziwani kufua, nikaivua. Gogo la ngoma nimelifunika kitenge, kwa heshima.

Jumapili ya Matawi, 22 Machi
Pudentienne analia. Anasema waasi ndio walioiba. Nimempa pole, tena kwa kumshika bega. Ngozi nimeipigilia kwenye mvukuto. Ngumu kama ubao, sawa na mwenyewe! Nimeilowesha, ikalainika. Kinanda kimelia. Nami nimelia, kidogo.

Pasaka, 29 Machi
Nimeilowesha tena alfajiri. Wimbo wa kwanza, malaika watupu. Kisha joto la watu na mishumaa likaikausha ngozi, ikakaza kama ngoma. Habonimana, msaidizi wangu, akikanyaga mvukuto: du! Akikanyaga tena: du! Mabomba kimya. Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wa parokia, watu wazima, wakatikisa mabega! Pudentienne akasimama katikati ya kwaya: “Hiyo ni sauti ya ngoma yangu! Weye mwizi, naijua hata usingizini!” Kisha, bila aibu, akaanzisha wimbo. Kanisa zima likamfuata.

Jumatatu ya Pasaka, 30 Machi
Ngozi imerudishwa. Nimemwomba msamaha mbele ya kwaya, kwa sauti ndogo. Akajibu kwamba nikitaka atanifundisha ngoma. Mimi! Padre ameniagiza nitafakari nilikosea wapi. Nimetafakari. Nilikosea kuchagua ngozi. Koti la mvua la Padre ni la mpira: halipitishi hewa, halikazi. Limetundikwa sakristia. Mafundi wa mifereji wanakuja Jumatano.