Mtaalamu wa Dira

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimepanda cheo. Nadhani. Asubuhi, kwenye kikao cha wafanyakazi wa kambi, Meneja aliuliza nani kati yetu anaijua dira vizuri. Mkono wangu ukaenda juu wenyewe. Dira ya kambi hii naijua kuliko kitanda changu. Ni mimi karani niliyeichapa na kuitundika ukutani juu ya meza yangu, na naisoma hata nikifumba macho, kuanzia "Kuwa kambi ya mfano katika malezi ya vijana" hadi nukta ya mwisho. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nafasi kama hizi hazichezewi.

Meneja akasema safi sana, akanikabidhi kidude cha mviringo chenye sindano inayotetemeka. Kumbe mwalimu wa stadi za porini ameteguka mguu. Wiki hii vijana wake, wa miaka kumi na tatu na kumi na nne, ni wangu. Ijumaa niwapeleke msituni hadi kwenye tangi la maji, tutafute njia kwa dira, tuwe tumerudi kabla ya chakula cha mchana. Tukirudi salama, tutaongea habari za mkataba.

Nilikuwa naandaa sentensi ya kusema pametokea kutoelewana. Mtunza stoo akaniwahi. Mama huyu ana mpwa anayechapa kwa vidole vyote kumi, na ambaye amekwisha kuja mara mbili kuipima meza yangu kwa macho.

"Ukiona uzito sema tu, Mheshimiwa Karatasi," akasema. "Hakuna atakayekucheka, mwanangu."

Nikasema sioni uzito wowote. Sindano ikatetemeka.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Somo la kwanza. Kwa kuwa sijui lolote la porini, nimefundisha ninachokijua: unadhifu. Porini hatuachi kitu. Karatasi, uzi, ganda la pipi, chochote alichoacha binadamu, okota, tia mfukoni, rudi nacho. Nililisema kwa ukali na wote wakaliandika.

Kuna binti wanamwita Hakimu, maana halipiti jambo mpaka aliulize. Akauliza, je, tukipotea? Nikasema swali zuri, nikatangaza mapumziko.

Baadaye tulijifunza kuwasha moto. Safisha ardhi kwanza, kisha majani makavu, kisha kijiti kimoja cha kiberiti. Moto ulikubali mara moja. Nimepoteza unyusi mmoja tu.

Jioni niliichunguza dira. Chombo cha ajabu. Kinajua kaskazini ilipo. Hakijui kambi ilipo.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimeibiwa mchana kweupe. Nikiwa nje na vijana, mtunza stoo ameingia ofisini kwangu akabeba feni na mashine ya kutobolea karatasi. Nilipomfuata akasema mtu wa porini feni ya nini, na upepo wote ule wa bure. Stepla nimeiokoa. Ile kubwa, ya chuma, inayoshona karatasi hamsini kwa kishindo kimoja. Kuanzia leo inakaa mfuko wa shati, kifuani, na haitoki humo.

Somo la kujenga kibanda. Cha vijana kimesimama. Changu nacho kilisimama, hadi nilipoingia. Hakimu akauliza kama kuporomoka ni sehemu ya somo. Nikamwambia ndiyo, na aliyetulia angeona nilivyotoka.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nina mpango. Ni mzuri hadi umenitisha.

Leo mchana nimemfuata fundi bomba alipokwenda kukagua tangi. Kila baada ya hatua chache nilichelewa kidogo nyuma yake na kufunga kwenye tawi tepe nyekundu, zile za kufungia mafaili. Tepe kutoka geti la kambi hadi tangini. Kesho nitashika dira kwa mkono mmoja, nitakunja uso kama mtu anayepiga hesabu, na nitafuata tepe. Fundi bomba aliuliza ninafunga nini. Nikasema ni utafiti. Akasema msitu wenyewe mdogo, ukipiga chafya wanakusikia jikoni. Watu wa bomba hawana hofu ya mazingira.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Kwenda, hakuna aliyewahi kwenda vizuri hivyo. Mimi mbele, vijana nyuma, tepe hadi tepe. Tangini tukanywa maji, nikatoa hotuba fupi, nikageuka nirudi.

Hakuna tepe. Hata moja.

Hakimu akaja mifuko imemvimba. Akasema kuna mtu mchafu sana amepita huku, lakini mwalimu asijali, wameokota zote. Nikampongeza.

Ikabaki dira. Nikaishika karibu na kifua, kwa heshima. Nikageuka kulia, sindano ikanielekea mimi. Nikageuka kushoto, ikanielekea mimi. Mmoja akanong'ona kwamba kaskazini imemwingia mwalimu. Siwezi kuficha, hapo niliona fahari kidogo. Tukatembea sana. Kichuguu kimoja tulikipita mara nyingi hadi vijana wakaanza kukiamkia. Nikauona mkataba ukienda, na mpwa akivuta kiti changu. Nikakaa chini, nikalia.

Hakimu akachuchumaa mbele yangu, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, tufanye kama tumepotea kweli?"

Nikasema fanyeni.

Sijapata kuona watu wakifurahi vile. Hawa kibanda, wale kusafisha ardhi, kijiti kimoja, majani mabichi juu, moshi hadi mawinguni. Mimi nikalazwa kibandani kama majeruhi, miguu juu. Kidogo tu, vichaka vikapasuka, akatokea mtunza stoo anahema na ndoo ya maji. Ndoo ikamalizikia kwenye moto na kwangu. Kumbe tulikuwa nyuma ya stoo yake, alidhani inaungua. Meneja akafuata.

Kabla sijafungua mdomo, Hakimu akamweleza Meneja kuwa mwalimu amejifanya kapotea ili kuwapima, tena kalia machozi ya kweli, na hawajawahi kuona mwalimu anayejituma hivyo. Meneja akanishika bega, shati linachuruzika. Kengele ya chakula ikalia. Tulikuwa tumewahi.

Baadaye Hakimu alinirudishia tepe zikiwa zimekunjwa vizuri. Akasema hajamwambia mtu, ila siku nyingine nikishika dira, stepla niiache mbali. Stepla inahusika vipi? Wivu wa vifaa vya ofisi umeingia hadi kwa watoto.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mkataba umesainiwa. Nimeushona mwenyewe, kishindo kimoja. Mtunza stoo amerudisha feni.

Nimejiapiza kwamba kuanzia sasa nitasikiliza swali hadi mwisho kabla ya kunyanyua mkono.

Kisha kikao. Meneja akasema wiki ijayo vijana wanahamia ziwani, na anahitaji mtu wa kushika usukani. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Nilijua tu. Amechoka, anataka kupumzika, na kambi inahitaji kiongozi. Akasema safi sana.

Mtunza stoo, kwa mara ya kwanza, alinitabasamia. Akauliza kama najua kuogelea. Nikamjibu kwamba kazi ya uongozi ni ya mezani. Akaingia stoo, akaniletea jaketi zito lisilo na mikono, rangi ya machungwa, lina filimbi begani. Limenikaa vizuri. Kiongozi lazima aonekane kwa mbali.