Radhi ya Kavumbi na Gari Lisilotaka Asubuhi

Jumatatu, 7 Desemba 1998

Gari limekataa tena. Nimetoka msikitini alfajiri nikajaribu mara tisa. Stata inalia vizuri, injini haishiki. Saa nne, jua limepanda, nimejaribu mara moja tu na likawaka kwa adabu zote. Nimelizima kwa hasira. Saa nne hainifai. Daktari amenikataza kuendesha juani. Moyo umechoka, anasema, na nikijaaliwa kuumaliza mfungo unaokuja nishukuru.

Kwa hiyo naandika. Atakayelikuta daftari hili nikishakufa asiseme nilificha.

Mwaka 1953 mimi na Kavumbi wa Ramisi tulimtaka mwanamke mmoja, Mwanaima wa Bodo. Mimi mwalimu mpya, yeye dereva wa meneja wa shamba la miwa. Siku ya kupeleka posa, Kavumbi aliazima gari la meneja ili awapakie wazee wake. Walipokuwa ndani wanakunywa chai, nilimimina ratili mbili za sukari kwenye tangi la petroli. Gari likazimika kabla ya njia panda ya Bodo. Wazee wakaketi kando ya barabara na kanzu zao nyeupe mpaka magharibi. Kwao Mwanaima wakaona wamedharauliwa. Wiki iliyofuata nilikwenda mimi, kwa miguu, mapema.

Kavumbi aliondolewa udereva, akapewa panga akate miwa. Mwanaima ni mke wangu, huu mwaka wa arobaini na tano. Hajui.

Ramadhani inaingia baada ya wiki mbili. Ndio wakati wa watu kutakana radhi. Sitaki kufa bila radhi ya Kavumbi. Kwa basi siendi: kijiji chetu kizima cha Mwabungo kitajua naenda kwa nani, na kitauliza kwa nini. Nitakwenda peke yangu, kwa gari langu, asubuhi.

Na gari linakataa asubuhi tu. Kuna mtu analichezea.

Jumanne, 8 Desemba

Mara kumi na moja. Kimya.

Jirani yangu Swabir, mpishi wa hoteli moja ya Diani, alikuwa akirudi kutoka zamu. Akaniamkia shikamoo Mwalimu, kisha akauliza kama gari limegoma tena. Amejuaje neno "tena"? Nilimjibu marahaba na sikuongeza. Akasema ananiombea. Mtu anayekuombea kabla hujamwomba ana lake.

Wizi wa magari umezidi Ukunda, redio imesema. Mimi nimejikinga. Kila jioni nafungua boneti na kuitoa rota, kile kidude cha plastiki chenye ulimi wa shaba kinachogawa moto kwenda kwenye plagi. Bila rota gari ni kibanda cha kuku. Zamani nilikuwa nailaza chini ya mto wangu. Tangu mwezi uliopita naifukia ndani ya debe la chumvi ya mawe jikoni, lile la kuwekea samaki chumvi. Mwizi gani atatafuta gari ndani ya chumvi? Alfajiri naitoa, naipangusa kwa kanzu, nairudisha. Hakuna ajuaye, hata Mwanaima.

Ajabu ni kwamba huu uchokozi wa asubuhi nao umeanza mwezi uliopita. Wameona mlango mmoja umefungwa, wakatafuta mwingine.

Jumatano, 9 Desemba

Fundi Dishon amekuja kutoka Ukunda. Kijana wa bara, Mkristo, mikono myeusi, moyo sijui. Nilimwita aje saa kumi na mbili. Amekuja saa nne na nusu, akasema baiskeli ilipata pancha. Akapiga stata. Likawaka mara ya kwanza.

Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Mzee, hii gari iko sawa kabisa. Labda we ndio hujui kuvuta choki ya kuwashia."

Nimefundisha watoto miaka thelathini na sita. Nimeendesha tangu huyu hajazaliwa baba yake. Nimemwambia hivyo. Akacheka, akasafisha plagi, akapuliza kabureta, akakaza nyaya za betri, akala wali wa Mwanaima sahani mbili. Alipofunua kifuniko cha rota alisita, akanusa. Akauliza kama huwa nabeba samaki. Nikamwambia afunike.

Kwa nini ananusa gari la mtu?

Ijumaa, 11 Desemba

Mtego. Jana jioni nilinyunyiza unga wa mahindi kulizunguka gari lote, duara safi, ili nyayo za adui zionekane.

Alfajiri nimekuta nyayo za kuku kumi na wawili na za mbuzi mmoja. Unga haupo. Mbuzi ni wa Swabir. Namjua kwa kwato iliyopasuka. Mbuzi haji mwenyewe.

Nimejaribu mara nane kisha nikaketi, kifua kimebana. Mwanaima akaniletea maji. Akauliza ni safari gani hiyo inayoniua kabla sijaianza. Nikasema naenda kumwona rafiki wa zamani. Akauliza yupi. Nikasema ni wa kikazi. Akasema, "Haya, Mwalimu," kwa ile sauti yake.

Ile sauti siiamini pia.

Jumamosi, 12 Desemba

Nimepata hila, si ya gari bali ya Kavumbi. Wakati wa kutakana radhi watu husema, nisamehe kwa ninalolijua na nisilolijua. Husemwa kwa haraka, na mwenzako hujibu nimekusamehe, mkaagana. Sukari imo humo ndani kwenye "ninalolijua". Sina haja ya kuitaja. Nitasema maneno yaleyale ya watu wote, atajibu jibu lilelile la watu wote, na kwa Mungu hesabu imefungwa.

Nimefurahi mpaka nimekula.

Jumatatu, 14 Desemba

Balaa.

Leo jioni Swabir alimletea Mwanaima samaki nguru watatu kwa ajili ya karamu ya vunja jungu, tule vizuri kabla ya mfungo. Mwanaima akafungua debe la chumvi ya mawe. Mimi nilikuwa kibarazani. Nikasikia ukelele.

Ameichota rota kwa kibaba. Ameiona nyeusi, ina ulimi, inanuka mafuta, imezikwa chumvini ndani ya jiko lake. Akasema nimerogwa. Hilo, akasema, ndilo linalonila moyo! Akamwita Swabir. Swabir akaja na koleo la makaa, akaishika kwa mbali, akasoma Ayatul Kursi mara saba, akaitumbukiza chooni.

Nilikuwa nimesimama palepale. Ningesema neno moja tu. Lakini ningesema, Swabir angejua ninapoificha rota. Nikaitikia amina.

Baadaye Mwanaima alilia kidogo, akanishika mkono, akasema sasa nitapona. Sijawahi kujiona mdogo hivyo tangu 1953.

Lakini tazama Swabir alivyokuwa na koleo tayari.

Jumatano, 16 Desemba

Leo gari halikuwaka saa kumi na mbili wala saa nne. Dishon akafungua, akasema, "Mzee, rota imeibiwa." Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikasema dunia imeharibika.

Akatoa nyingine kwenye mkoba wake. Alikuwa nayo tayari. Nimeliandika hilo.

Ila hakuiweka mara moja. Aliingiza kidole ndani ya kifuniko, akakitoa kina ungaunga mweupe, akakilamba. Akaniuliza, pole kabisa, rota ya zamani ilikuwa inalala wapi. Nikasema inalala garini kama rota zote. Akasema amewahi kutengeneza mashine za boti kule Msambweni. Chumvi hunyonya maji ya hewani, akasema, na kitu kilicholala chumvini huamka kimelowa. Moto wa plagi ukikutana na maji ya chumvi hupotelea humo. Jua likipasha injini, maji hukauka, gari huwaka. "Ndio maana saa nne iko sawa, mzee wangu."

Kisha akasema hivi, na kwa hili simsahau: "Mimi siulizi nani aliweka chumvi. Nasema tu asiweke tena."

Akaipangusa yote kwa petroli, akatia rota kavu. Likawaka kabla hajaondoa mkono.

Fundi mzuri, lakini ana mawazo ya ajabu. Chumvi imehifadhi samaki wa pwani hii tangu enzi, haijaoza hata mmoja. Itaharibu plastiki? Hapana. Rota ya zamani ilikuwa imeguswa, na aliyeigusa ndiye aliyeharakisha kuizamisha chooni. Ushahidi umepotezwa mbele ya macho yangu, kwa kisomo.

Hii mpya italala mfukoni mwa kanzu yangu, nami ndani ya kanzu.

Alhamisi, 17 Desemba

Limewaka. Saa kumi na mbili kasoro, mara ya kwanza. Adui hajui habari ya mfuko.

Nilifika Ramisi kabla jua halijawa kali. Kavumbi alikuwa uani kwake anatia jembe mpini. Mzee kama mimi ila mnene zaidi, na mkono wa kushoto una vidole vitatu. Panga la miwa. Sikuwa najua.

Tulisalimiana sana. Akanipa kahawa. Nikavuta pumzi, nikasema maneno yangu yote kwa haraka: mwenzangu, umri umekwenda, nisamehe kwa ninalolijua na nisilolijua.

Kavumbi akaweka jembe chini. Akaniita kwa jina langu, akasema, "Usilolijua nimekusamehe, Boga. Unalolijua, niambie kwanza."

Sikulitegemea hilo. Katika miaka sabini na miwili sijasikia mtu akijibu hivyo. Nikaanza na madogo. Nikakiri kuwa 1949 nilivunja kalamu yake nikasema ni mbuzi. Akasamehe. Nikakiri kuwa nilimsema kwa watu kwamba hajui kupiga mpira kwa kichwa. Akasamehe, akasema ni kweli. Nikatafuta dogo la tatu, sikulipata. Kuku wakapita. Kavumbi alikuwa ananitazama tu, kikombe mkononi.

Nikasema. Sukari, tangi, ratili mbili, wazee kando ya barabara. Nilisema nikitazama kikombe changu.

Kavumbi akaweka kikombe chini. Akauliza, ratili mbili? Nikasema mbili. Akasema sukari mwaka ule ilikuwa haipatikani, na wao wenyewe waliokuwa wanaipika walikuwa wanakunywa chai bila sukari. Kisha akasema amekata miwa miaka kumi na minne. Hakupandisha sauti. Akainuka, akaingia ndani.

Alikaa huko sana. Mtu aliyekata miwa miaka kumi na minne lazima ana panga ndani. Nilitazama gari, nikapima hatua. Moyo ulikuwa unapiga vibaya, na nikajisemea kwamba nikifia hapa basi ni haki.

Akatoka na birika. Alikuwa ameosha uso. Akanimiminia kahawa nyingine, akaketi karibu, akasema, "Nimekusamehe. Duniani na akhera. Nimemaliza." Akanishika mkono kwa ule wa vidole vitatu. Nililia, na sioni aibu kuandika. Jiwe la miaka arobaini na tano liliondoka kifuani, na nikapumua kama kijana.

Kisha, bado ameshika mkono wangu, Kavumbi akasema, "Na wewe, ndugu yangu, nisamehe kwa ninalolijua na nisilolijua."

Nikamuuliza, ni lipi hilo analolijua?

Akatabasamu. Akasema, "We nisamehe tu, Boga. Tumezeeka."

Nikautoa mkono wangu. Nikamwambia nitafikiri.

Ijumaa, 18 Desemba

Nimefikiri tangu jana.

Mwaka 1957 nilihamishwa ghafla kwenda shule ya mbali, hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1961 Mwanaima alikwenda msibani Ramisi, akakaa siku nne, msiba wenyewe ulikuwa wa siku tatu. Mwaka 1970 mbuzi wangu mjamzito alipotea. Mtu asiyekuwa na neno hatabasamu hivyo. Na aliwahi mno kunisamehe. Mtu huwahi kusamehe akiwa naye ana mzigo mlangoni.

Nimelazimika kumweleza Mwanaima, mpaka sukari. Nilidhani atanifukuza. Akasema alijua tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu naota nikisema. Akasema alikuwa anangoja niseme nikiwa macho. Kisha akauliza kama nimempa Kavumbi radhi yake. Nikasema bado. Akanitazama kama nimemwaga mchuzi wa watu wote.

Akasema mwezi waweza kuandama kesho, na kuna wazee wawili, mmoja ameshasamehe na mwingine anafanya uchunguzi. Akasema, "Utamfungisha mwenzako na deni lako mdomoni?" Akasema Kavumbi akifa kabla yangu nitajuta.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Akifa kabla hajasema, nitajuaje? Na mimi siwezi kufa sasa. Daktari hakuwa na habari hizi alipokisia. Nitakula dawa zote, nitalala mchana, nitafika Ramisi kila wiki mpaka aseme. Nimejisikia na nguvu leo kuliko mwaka mzima.

Nimemuuliza Mwanaima, kwa upole, zile siku nne za 1961. Amebeba mkeka wake amekwenda kuketi kwa mke wa Swabir.

Alasiri Swabir mwenyewe alipiga hodi, kanzu safi, kofia mpya, anapita nyumba hadi nyumba kabla ya mfungo kama watu wote. Akanibusu mkono. Akasema, "Mwalimu, nisamehe kwa ninalolijua na nisilolijua."

Nikamwambia aketi. Nikafungua ukurasa mpya, nikachonga penseli, nikamwambia tuanze na analolijua.