Waraka Namba Saba na Treni ya Nchi Nne

Idara ya Kubana Matumizi iliutangazia umma, kwa furaha kubwa, kwamba Mkurugenzi wake angeongoza ujumbe wa watu sita kuvuka nchi nne kwa treni, ili kujifunza namna ya kusafiri bila kufuja fedha. Tangazo lilichapwa kwa rangi nne kwenye karatasi nzito, kwa sababu habari za kubana matumizi zikiandikwa kwenye karatasi nyepesi watu huzidharau.

Wazo hilo, lilisema tangazo, lilimjia Mkurugenzi katika tafakuri. Kwa kweli lilimjia katika faili la likizo la karani wa masjala, mama mmoja mjane ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Ratiba.

Mama Ratiba alikuwa na binti muuguzi katika mji wa mwisho wa reli, huko nchi ya nne, na binti huyo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mjukuu alishafikisha miezi minane, na bibi yake hakuwa amemwona ila kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mwaka mzima alikuwa akiipanga safari hiyo katika daftari la shule: dirisha gani la tiketi hufunguliwa mapema, mpaka upi abiria hubadilisha treni, stesheni ipi ina benchi ndani na ipi imeliacha mvuani, mhudumu gani humpa mtu maji ya moto bure akiamkiwa vizuri. Fomu ya likizo ilitaka kiambatisho. Masikini ya Mungu, akaambatisha daftari.

Mkurugenzi alilisoma, akalipenda, akaligonga mhuri wa SIRI. Kisha akamwita mwenyewe.

"Mama, daftari lako zuri sana. Idara imelichukua."

"Asante, bosi. Na likizo yangu?"

"Sisi tukiondoka, ripoti zetu atazipokea nani?"

"Lakini bosi, mume wangu ananingoja."

Mkurugenzi, aliyejua kwamba mumewe alikwisha kufariki, alitoa macho. Ikabidi aelezwe kwamba mume huyu ni mjukuu, na bado anaota meno.

"Basi hana haraka," alisema Mkurugenzi, akaendelea kutia sahihi.

Mama Ratiba alirudi masjala akakaa ameshika tama. Iliuma, na aliyeona haya kwa niaba ya Idara alikuwa yeye peke yake. Lakini alikuwa ameagizwa tiketi sita za daraja la kwanza, na katika miaka ishirini na miwili kazini hakuwahi kuvunja utaratibu. Utaratibu wenyewe ulining'inia ukumbini ndani ya fremu ya kioo: Waraka Namba Saba, uliotungwa na Mkurugenzi kwa mkono wake. Kila kinachonunuliwa kiwe na nukuu tatu za bei, na iliyo chini kabisa ndiyo ishinde, bila kuangalia sura ya mtu.

Mkuu wa stesheni alimweleza kwa upole kwamba reli ni moja tu. Mama Ratiba naye akamweleza, kwa upole uleule, kwamba ofisi inataka tatu. Mkuu wa stesheni alikuna kichwa, akamwonea huruma, akamwandikia tatu: daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kamati ya Manunuzi ilizihesabu karatasi, ikaziona zimetimia, ikaridhika. Kusoma hakukuwa kazi ya kamati hiyo.

Tiketi zilipotoka, Mkurugenzi aliishiwa pozi.

"Nani kachagua daraja la tatu?"

"Waraka, bosi."

Kufikia saa sita mchana wajumbe watano, ambao ndio Kamati ya Manunuzi yenyewe, walikuwa wameleta vyeti vya daktari, wote mgongo. Mkurugenzi hakuweza kuugua, kwani Waziri angekuja kumuaga. Na kwa kuwa Waraka ulikataza ujumbe wa mtu mmoja, ilibidi aongezwe mtumishi mwenye posho ndogo kuliko wote. Mama Ratiba alisema atajitolea, akaenda kulilia chooni kwa furaha.

Waziri alikata utepe mbele ya televisheni. Treni ilipoanza tu kutembea, Mkurugenzi alimnong'oneza karani wake kwamba yeye atashuka stesheni ya kwanza, ambako dereva anamngoja. Mama aendelee, amwandikie ripoti.

Stesheni ya kwanza hapakuwa na gari. Mkurugenzi alipiga simu.

"Mafuta, bosi," alisema dereva. "Yanataka nukuu tatu, na hapa mjini vituo vya mafuta ni viwili. Tunasubiri wafungue cha tatu."

"Lini?"

"Mwakani, wanasema."

Kurudi kwa basi hakukuwezekana, maana angeonekana na watu walewale waliomwona akiagwa. Mkurugenzi alirudi behewani na sanduku lake la magurudumu. Mama Ratiba akasogea dirishani kumpa nafasi, akamega mkate, akampa nusu kubwa.

Siku ya tano walibisha hodi kwa binti. Mama Ratiba alimpokea mjukuu, akamwita mume wangu mara kumi, akamnusa kichwa. Mkurugenzi alipewa kochi.

Kesho yake walikwenda kukata tiketi za kurudi. Stesheni ile ilikuwa na daraja moja tu, kwa hiyo nukuu moja. Mkurugenzi alisema atajilipia. Mama Ratiba alimkumbusha kifungu cha tisa: anayejilipia safari ya kikazi anahesabiwa ametoroka kazini. Basi waraka ufutwe, akasema Mkurugenzi. Kuufuta, Mama Ratiba alimweleza, kunataka kikao cha kamati, na kamati nzima inaumwa mgongo.

Wiki ya tatu Mkurugenzi alikuwa amekaa kwenye kochi, mtoto amelala begani mwake, mate yanamchuruzika kwenye tai. Mama Ratiba alikuwa akikunja nepi.

"Mama," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto. "Mke wangu ananingoja."

Mama Ratiba alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Hana haraka, bosi. Nimeongea naye asubuhi. Anasema nyumba imetulia sana."