Mota Namba Tatu na Kiti cha Fundi Mkuu

Jumatatu, 3 Juni

Liandikwe na lihifadhiwe: leo, saa mbili na robo asubuhi, nimekabidhiwa bisibisi mpya. Mpini wa njano. Nimetia saini kwenye kitabu cha stoo, na mtunza stoo akatia yake. Hakuna aliyepiga makofi, lakini kiwanda chetu cha sabuni hakijawahi kuwa na adabu.

Habari nyingine, ndogo. Fundi Mkuu anastaafu mwisho wa mwezi. Meneja ametuita mimi na Dada Vipimo. Amesema mota namba tatu, ile inayovuta mkanda wa kupeleka sabuni kwa wapakiaji, inazima kila siku saa nne asubuhi, naye amechoka. Atakayeugundua ugonjwa wa mota hiyo kufikia Ijumaa ndiye atakayekalia kiti cha Mzee.

Kiti hicho nimekitamani miaka kumi na mmoja. Kinazunguka.

Dada Vipimo ni fundi mwenzangu. Jina nimempa mimi. Hagusi waya kabla ya kuupima, wala hapimi kabla ya kufungua daftari. Mimi sipimi. Mimi nasikiliza. Ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, na mota inanieleza yote. Umeme nimejifunza mwenyewe, kwa kupigwa nao.

Saa nne ikazima kweli. Nikaacha chai yangu kwa wapakiaji, nikachukua mkoba wangu wa vifaa, nikakimbia. Nilipoiwasha ikaunguruma kama haijawahi kuugua. Inaniogopa.

Jioni nimemweleza mke wangu. Alimpigia mama yake kabla sijamaliza.

Jumanne, 4 Juni

Bisibisi imesema: beringi. Alfajiri kabla ya zamu nikafungua mota, nikatoa beringi, nikatia mpya, nikarudisha nyaya. Zamu ilipoanza nikabonyeza kitufe kwa kidole cha mwisho, kwa mbwembwe.

Mkanda ukaondoka. Kinyumenyume!

Sabuni zikageuza njia, zikarudi zilikotoka, nyingine zikiruka sakafuni kama vyura. Mama Katoni, mkubwa wa wapakiaji, akauliza kwa sauti ya mnadani kama sabuni zimesahau kitu nyumbani. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana. Nikaeleza kwamba nilikuwa najaribu kama mkanda unaweza kurudi. Akasema basi baba, umeweza, sasa jaribu kama unaweza kuja.

Nyaya ni tatu. Ukipishanisha mbili, mota inazunguka kinyume. Najua sana hilo. Dada Vipimo akaja, akabadilisha mbili, akaenda zake. Dakika mbili. Dharau gani hii!

Saa nne ikazima. Beringi mpya, tabia ile ile.

Jumatano, 5 Juni

Usiku nimefikiri. Kwani anayezima mota ni nani? Si mota. Ni kile kifaa cha kinga ukutani, chenye kitufe cha kuzungusha. Mota ikivuta umeme kupita namba iliyowekwa, kifaa kinaikatia isiungue. Namba ilikuwa nane. Nikapita karibu nikipiga mluzi. Namba ikawa kumi na mbili.

Saa nne ikafika. Saa nne ikapita! Mkanda unakwenda! Meneja akanishika mkono mbele ya kila mtu. Nikabaki kwa wapakiaji nikinywa chai ya pili na ya tatu, nikipokea pongezi. Nikampigia mke wangu. Kabla ya saa tano mama mkwe alikuwa ameanza kuniita mwanangu. Miaka yote alikuwa akiniita huyo.

Saa tano, harufu. Kisha moshi mwembamba, wa heshima. Dada Vipimo akaruka akabonyeza kitufe chekundu. Mota ilikuwa ya moto, ungeweza kukaangia yai, lakini imepona.

Fundi Mkuu akaitazama ile namba. Akanitazama mimi. Akauliza nani ameigeuza. Nikasema huenda ni mtetemo. Akauliza tangu lini mtetemo una vidole.

Jumla, siku nzuri hadi saa tano.

Alhamisi, 6 Juni

Imebaki siku moja. Lazima Dada Vipimo asiiguse mota yangu.

Kila fundi hapa ana kufuli lake jekundu. Ukilitundika kwenye swichi maana yake uko ndani ya mashine, na hakuna wa kuwasha hadi ulitoe mwenyewe. Hata mwenye kiwanda hana ruhusa. Saa moja na nusu nikatundika langu. Nikaenda kufikiri kwa wapakiaji, maana nao hawakuwa na kazi.

Dada Vipimo, kwa kukosa la kufanya, akaja kukaa mbele yangu na kikombe. Ananitazama. Anatazama juu ya kichwa changu. Ananitazama tena. Wivu ni ugonjwa.

Saa tatu meneja akataka mkanda uwashwe. Nikapapasa mifuko. Ufunguo uko kwenye suruali ya jana. Suruali iko kwenye beseni.

Mke wangu aliuleta saa sita, umelowa povu. Alikuwa amevaa gauni la harusi za watu. Akasalimia wote, akamwomba Fundi Mkuu amwonyeshe kiti. Mzee wa watu akamwonyesha. Akakaa. Akazunguka mara moja, taratibu, mkoba wake mapajani. Akaniambia sikioni kwamba ni laini.

Niliona aibu kidogo. Halafu nikaona kwamba kinamfaa.

Ijumaa, 7 Juni

Dada Vipimo ametuita wote kwenye mkanda. Mota inazunguka vizuri. Akaniomba mkoba wangu, kwa adabu kabisa. Akaupokea kwa mikono miwili, kwa sababu una nyundo mbili, koleo, spana zote, na beringi kuukuu ninayoihifadhi kama ushahidi. Akautundika kwenye bomba la nyaya juu ya benchi la wapakiaji, pale ninapoutundika mimi kila siku saa nne ninapokuja kunywa chai.

Bomba likapinda. Mota ikaanza kunguruma kama mtu anayejizuia kukohoa. Kipimo cha Dada Vipimo kikaonyesha waya mmoja hauna kitu na nyaya mbili zinabeba mzigo wa zote tatu. Kinga ikakata. Kimya.

Akautoa mkoba. Akawasha. Mota nzima!

Kwenye kisanduku cha maungio, juu ya bomba, waya mmoja ulikuwa umelegea. Mkoba ukining'inia, waya unachomoka. Nikiuchukua mkoba kwenda kutengeneza mota, waya unarudi mahali pake. Mama Katoni akasema kumbe daktari ndiye homa.

Sikubabaika. Nikamweleza meneja kwamba waya uliolegea ni hatari kubwa, na bila mkoba wangu kuufichua kila asubuhi, bila kukosa, nani angeujua? Kwa hiyo mgunduzi ni mimi. Dada Vipimo ameandika tu. Meneja alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akampa mkono Dada Vipimo.

Yeye akakaza skrubu moja. Robo mzunguko. Aliazima bisibisi yangu!

Nyumbani mke wangu hakuuliza. Uso wangu ulikuwa gazeti tosha. Alichukua simu akatoka nje kumpigia mama yake. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alinipakulia chakula, akaniwekea kipande kikubwa. Hilo ndilo limeniuma.

Jumamosi, 8 Juni

Leo sikwenda kazini. Makusudi! Wakione cha moto. Bila mimi mkanda utasimama kabla ya saa nne, na watakuja hapa mlangoni, meneja mbele, Dada Vipimo nyuma na daftari lake. Nimeweka simu juu ya mto wa kitanda, sauti juu kabisa. Nimeandaa masharti ya kurudi. La kwanza: kiti.

Saa nne. Kimya. Wanaogopa kupiga.

Wakati nikisubiri nimepata jambo. Mota namba tano ina mlio nisioupenda. Jumatatu nitaigeuza kinga yake kidogo tu, isizime mpaka niisikilize vizuri kwa bisibisi. Safari hii hadi kumi, si kumi na mbili. Mtu hujifunza.

Saa nane. Hakuna simu. Nikamwambia mke wangu kwamba kugoma ni kazi ngumu kuliko kazi. Akauliza nimegoma nini. Akanyoosha kidole kwenye ratiba ya zamu, nyuma ya mlango.

Jumamosi hii ni siku yangu ya mapumziko.