Naomba Kompyuta Yangu Iitwe Barazani

Ndugu Katibu wa Baraza la Kata,
Buseresere.

Naandika nikikuombea afya wewe na ng'ombe wako wote. Mimi, Mwalimu mstaafu Stanslaus Masalu, nafungua shauri dhidi ya kompyuta yangu. Naomba lisikilizwe kabla ya Jumamosi, siku tutakapomuaga binti yangu wa pekee, Vumilia, anayeolewa Ushirombo. Hotuba yangu imo tumboni mwa kompyuta hiyo, nayo haitaki kuitoa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu nilichomeka waya wa printa kwenye tundu la USB-C. Kompyuta ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Printa hiyo imekaa nayo meza moja miaka miwili! Hata jirani mwenye kisirani humtambua mwenzake, asipomsalimu basi humkoholea.

2. Nilifungua orodha ya vifaa. Kidhibiti cha USB-C, yaani msimamizi wa tundu hilo, kimewekewa alama ya mshangao ya njano. Ndugu Katibu, kompyuta inashangaa nini? Mwenye haki ya kushangaa ni mimi.

3. Nilibadilisha waya. Nikaugeuza juu chini. Nikapuliza vumbi tunduni. Nikachomeka simu, nayo ikakataliwa. Nikaanza kuogopa kwamba anayefuata kutotambulika ni mimi.

4. Fundi Athanas, niliyemfundisha hesabu darasa la tano, alinijibu kwenye simu: "Shikamoo Mwalimu. Izime kabisa, chomoa chaji, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika, halafu iwashe." Hiyo nayo ni tiba? Nilikataa. Mtu akinuna, humzimi ukamwasha, unaita wazee.

Kwa hiyo naomba kompyuta ionywe hadharani, kidhibiti kiiombe radhi printa, na Athanas arudie darasa la tano.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote, hata yule anayesinzia.

Mimi mlalamikaji mwenye subira iliyobaki kidogo,
Mwl. Stanslaus Masalu

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Vumilia amefanya vilevile alivyosema Athanas, nami nimegeukia ukutani nisishuhudie. Alama ya njano imefutika. Printa imetambuliwa, na hotuba imetoka yote, kurasa kumi na nne. Nafuta shauri langu. Ila usilifunge jalada: mke wangu, Ritha, amezihesabu kurasa, naye sasa anakuandikia barua yake, akiomba kompyuta irudishwe ilivyokuwa.